Kutoka Uwanjani Hadi Kitini: Kisa cha Abdul Hafeez Kardar

Mwezi wa Septemba 2025, mjini Dubai, timu ya India iliifunga Pakistan katika fainali ya Kombe la Asia la kriketi, kisha ikakataa kulipokea kombe lenyewe. Kombe halikuwa na ila yoyote. Ila, kwa macho ya Wahindi, ilikuwa kwa yule aliyesimama jukwaani kulitoa: Bwana Mohsin Naqvi, mkuu wa Baraza la Kriketi la Asia, ambaye wakati huo huo alikuwa mwenyekiti wa bodi ya kriketi ya Pakistan, na juu ya hayo yote waziri wa mambo ya ndani wa serikali ya Islamabad. Miezi minne tu ilikuwa imepita tangu majeshi ya nchi hizo mbili yashambuliane. Wachezaji wakangoja, wakubwa wakangoja, usiku ukaenda, mwisho vijana wakashangilia wakiwa wameinua mikono mitupu kana kwamba wameshika kitu. Na ng'ambo ya pili mambo hayakuwa tofauti sana, maana aliyekuwa anaongoza baraza la kriketi la dunia nzima tangu Desemba 2024 ni Bwana Jay Shah, mtoto wa waziri wa mambo ya ndani wa India.

Kati ya mabwana hao wawili, hapana aliyepata jina lake kwa kushika gongo au kurusha mpira katika timu ya taifa.

Mambo ya namna hii yakitokea, husikii barazani ila kauli moja: mchezo wapewe wenyewe. Watu wa Mwambao tunaijua sana kauli hiyo, kwani ndiyo tunayoirudia kila kabumbu letu linapoharibika. Waondoeni wanasiasa na wafanyabiashara, tunasema, mkawaweke wale waliovuja jasho uwanjani. Hao ndio wenye uchungu. Ni maneno matamu, tena yana haki ndani yake. Lakini je, mchezaji akikalia kiti huwa bado ni mchezaji? Swali hilo lina jibu lake katika maisha ya mtu mmoja ambaye vijana wengi wa leo hawamjui, ijapokuwa wazee waliokuwa wakifuata kriketi redioni katika miaka ya hamsini hawajalisahau jina lake.

Marehemu Abdul Hafeez Kardar alizaliwa Lahore tarehe 17 Januari 1925, akasoma katika chuo cha Islamia mjini humo. Zama hizo Bara Hindi lote lilikuwa chini ya Mwingereza, na kriketi ya huko ilichezwa kwa madhehebu: Bombay kulikuwa na mashindano makubwa ambamo Wahindu walikuwa na timu yao, Waislamu yao, Maparsi yao na Wazungu yao. Msomaji wa Mombasa hatastaajabu, maana hata huku kwetu kriketi ya kikoloni iligawanywa kwa rangi na kabila, Wazungu upande huu na Waasia upande ule, na Mwafrika nje ya kamba akiwatazama wote wawili.

Mwaka 1946 kijana huyu alichaguliwa kwenda Uingereza na timu ya India, akacheza mechi tatu za testi, zile za siku nyingi ambazo ndizo kipimo cha juu cha mchezo huu. Wakati huo vitabuni aliandikwa Abdul Hafeez tu. Hilo la Kardar lilikuja kushika baadaye. Timu iliporudi nyumbani yeye alibaki, akajiunga na Chuo Kikuu cha Oxford, akakichezea, kisha akaichezea kaunti ya Warwickshire. Kwa hiyo nchi yake ilipokatwa mapande mawili mwezi wa Agosti 1947, na damu ikamwagika Punjab isiyo kifani, yeye alikuwa mbali. Aliporejea alikuta Lahore ni mji wa nchi nyingine.

Ni watu watatu tu waliopata kuichezea testi India na Pakistan pia: Amir Elahi, Gul Mohammad na huyu Kardar. Lakini wale wawili walikwisha kupita ubora wao. Kardar ndiye aliyekabidhiwa kazi ya kuijenga timu ambayo haikuwapo.

Tufahamu kazi hiyo ilikuwa nzito kiasi gani. Nchi changa, mfuko mtupu, viwanja vya nyasi vya kuhesabika, na mahali pengi mpira ulirushwa juu ya mikeka iliyotandikwa chini, kama ilivyokuwa desturi katika viwanja vingi vya Afrika Mashariki. Juu ya hayo Pakistan haikuwa mwanachama wa lile baraza la London lililoitwa wakati huo Baraza la Kifalme la Kriketi, na bila ya uanachama hapana testi. Mwishoni mwa mwaka 1951 timu ya Waingereza ilipita Karachi. Pakistan, Kardar akiwa nahodha, ikawashinda kwa wiketi nne, naye mwenyewe akamaliza na mikimbio 50 bila ya kutolewa. Mwezi wa Julai 1952 mlango wa London ukafunguliwa.

Kwa muda wa miaka sita iliyofuata, mechi 23 mfululizo za testi za Pakistan zilikuwa na nahodha mmoja. Ya kwanza, mjini Delhi, walipigwa vibaya. Ya pili, Lucknow, wakalipiza: Nazar Mohammad alisimama toka mwanzo hadi mwisho akapata mikimbio 124 bila ya kutolewa, na Fazal Mahmood akaangusha wiketi 12. Kisha likaja kiangazi cha 1954 Uingereza, ambacho kimeandikwa katika kila kitabu cha mchezo huu. Waingereza waliwakaribisha kama wanafunzi. Huko Nottingham, Denis Compton aliwapiga mikimbio 278 peke yake, na magazeti yakaanza kuuliza kwa nini watoto hawa wamepewa testi. Mwezi wa Agosti, katika uwanja wa Oval, London, Uingereza ilihitaji mikimbio 168 tu kushinda mechi ya mwisho. Ilifika 109 wiketi mbili tu zimeanguka, watu wameanza kuangalia saa za treni. Basi Fazal akashika mpira. Wote walitolewa kwa 143. Pakistan ilishinda kwa mikimbio 24, na hapana nchi iliyopata kabla yake kushinda testi katika ziara yake ya kwanza ya Uingereza.

Katika ushindi huo wote sifa za mkono si za Kardar. Kwa mechi zake 26 za testi, za India na za Pakistan, alipata mikimbio 927 na wiketi 21, na hakuwahi hata mara moja kufikisha mia. Mwisho wake ulikuwa 93. Hizo ni hesabu za mchezaji wa wastani. Fazal alikuwa mrushaji bora kuliko yeye mara kumi, Hanif Mohammad alikuwa mpigaji wa daraja ambayo yeye hakuikaribia. Cha Kardar kilikuwa ni amri. Alikuwa mkali, hapendi kubishiwa, anavaa vizuri, anasema Kiingereza cha Oxford mbele ya Waingereza bila ya kuinama, na anawatia vijana wake imani kwamba wao si duni kwa yeyote. Wapo walioona huo ni ukubwa wa kujitakia. Lakini kwa taifa lenye umri wa miaka saba, mtu wa namna hiyo alikuwa dawa.

Na hakuwa wa maneno matupu. Mwaka 1958 huko Kingston, Jamaika, siku ambazo Garfield Sobers alipata mikimbio 365 na kuvunja rekodi ya dunia, Kardar aliingia uwanjani kidole chake kimevunjika, akarusha mpira hivyo hivyo saa baada ya saa. Alipoacha kucheza baada ya ziara hiyo, Pakistan ilikuwa imekwisha kuishinda kila nchi iliyokutana nayo katika testi: India, Uingereza, New Zealand, Australia na West Indies.

Kuna kisa kimoja cha siku zake za unahodha ambacho hapana budi tukikumbuke, kwa sababu mbegu yake ilikuja kuota baadaye. Mwezi wa Februari 1956, mjini Peshawar, baadhi ya wachezaji wa timu ya Waingereza waliokuwa ziarani walimchukua refa Mpakistani, Idris Baig, usiku, wakampeleka hotelini kwao wakammwagia maji. Wenyewe walisema ni mzaha. Pakistan nzima ilichemka, na mkubwa wa kriketi ya Uingereza ikambidi aombe radhi na hata kujitolea kuirudisha timu nyumbani. Kwa miaka mingi Wazungu walikuwa wakilalamika kwamba marefa wa Asia wana upendeleo. Waasia nao walilalamika hivyo hivyo wakienda Uingereza, ila malalamiko yao hayakuchapishwa kwa herufi kubwa. Kardar aliona kwamba maneno hayo hayatakwisha mpaka refa awe si wa upande huu wala upande ule.

Baada ya kuvua viatu, hakukaa kando. Uchaguzi wa 1970 ulimkuta yuko katika chama cha Zulfikar Ali Bhutto, akapata kiti katika baraza la jimbo la Punjab, akawa waziri wa chakula. Mwaka 1972 akapewa na urais wa bodi ya kriketi ya nchi. Tuliangalie jambo hilo vizuri, maana linaivuruga ile kauli ya barazani. Mtu yule yule ni mchezaji na ni mwanasiasa. Kiti alikipata kwa sababu anaijua kriketi, na pia kwa sababu anajulikana na mkubwa wa nchi. Hapana anayeweza kupima ni kipi kilikuwa kizito zaidi, na sidhani kama yeye mwenyewe alikuwa akivitenganisha.

Kazi aliyoifanya ilikuwa kubwa. Nguvu za bodi zikahamia Lahore, katika uwanja ambao mwaka 1974, baada ya mkutano wa wakuu wa nchi za Kiislamu uliofanyika mjini humo, ulipewa jina la Gaddafi wa Libya. Lililo muhimu kuliko majina ni mpango wa ajira. Mchezaji wa Pakistan alikuwa hana mshahara wa mchezo. Asiyekuwa mtoto wa tajiri aliacha kriketi akatafute riziki. Chini ya Kardar, mabenki, shirika la ndege na mashirika mengine ya umma yalihimizwa kuunda timu zao na kuwaandika wachezaji kazi. Kijana wa uchochoroni akapata cheo cha karani wa benki, mshahara mwisho wa mwezi, na ruhusa ya kwenda mazoezini. Mpango huo ulilea vizazi vya mabingwa. Ulifutwa mwaka 2019, wakati nahodha mwingine wa zamani, Imran Khan, alipokuwa waziri mkuu na akataka timu za majimbo peke yake. Watu wakapoteza kazi, na miaka michache baadaye timu za mashirika zikarudishwa. Manahodha wawili, rai mbili zinazopingana, na kila mmoja ana hakika anaujua mchezo kuliko mwingine.

Huko London ndiko Kardar alikotoa makucha. Lile Baraza la Kifalme lilikuwa limebadili jina mwaka 1965 likajiita la Kimataifa, lakini nguo ilikuwa ile ile. Uingereza na Australia, kama waanzilishi, walikuwa na kura ya turufu: wakikataa wao, imekataliwa. Nchi ndogo ziliitwa wanachama washirika. Miongoni mwao ilikuwamo Afrika Mashariki, iliyoingia mwaka 1966 kama kundi moja la Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia. Ndiyo timu iliyokwenda Uingereza katika Kombe la Dunia la kwanza, 1975, chini ya nahodha Harilal Shah, ikiwa na kina Frasat Ali, Zulfiqar Ali na Mehmood Quraishy. Ikacheza mechi tatu na kufungwa zote. Kardar alikuwa akisimama katika vikao hivyo na kusema kwamba mchezo wa dunia hauwezi kuamuliwa na nchi mbili, na kwamba Asia na Afrika lazima wapate sauti. Aliitetea sana Sri Lanka ipewe hadhi ya testi. Alitaka marefa wasiokuwa wa upande wowote. Wazee wa Lord's hawakumpenda. Walimwona mchokozi anayeleta siasa mchezoni, kana kwamba kura ya turufu haikuwa siasa.

Mpaka hapo msomaji atasema: huyu ndiye tunayemtaka. Basi na tuingie katika mwaka 1976.

Katika msimu huo wachezaji wakubwa wa Pakistan waliandika kudai malipo bora kabla ya ziara ndefu ya Australia na West Indies. Hawakuwa watoto. Nahodha Mushtaq Mohammad alikuwa na Northamptonshire, Asif Iqbal na Kent, Majid Khan alikuwa wa Glamorgan, Imran Khan wa Worcestershire. Kila kiangazi waliishi Uingereza kwa kazi ya kriketi, wanajua inalipwaje na tikiti inauzwaje. Waliiona bodi yao inajaza viwanja kwa majina yao kisha inawapa posho. Mbele ya mechi ya Hyderabad dhidi ya New Zealand mambo yakafika ukingoni, ikawa hapana hakika kama mpira utarushwa.

Kardar alikataa kata kata. Kwake yeye hilo halikuwa shauri la mshahara bali la uzalendo. Kuvaa nyota na mwezi kifuani ni heshima, na heshima haipimwi kwa rupia. Akawa tayari kupeleka timu nyingine, Intikhab Alam akatajwa kuwa nahodha wake, na wakorofi wabaki nyumbani. Mwisho serikali iliingia kati, na waziri aliyeshika mambo ya michezo akaamua kwa faida ya wachezaji. Timu ikaenda ikiwa kamili. Rais wa bodi alikuwa ameangushwa na serikali ile ile iliyompa kiti, na mwaka 1977 alijiuzulu.

Ni rahisi kusema kwamba alilewa madaraka. Mimi sioni hivyo, au tuseme sioni hivyo peke yake. Kardar alicheza katika zama ambazo mchezaji wa Pakistan alisafiri kwa meli, akalala katika nyumba za wenyeji, akarudi na picha na vumbi. Walifanya hivyo kwa sababu nchi ilikuwa inazaliwa, na yeye aliamini kwa dhati kwamba umaskini ule ndio uliowapa nguvu Oval. Kumbukumbu ya jasho lake ndiyo iliyomziba macho. Aliwatazama kina Mushtaq akajitafuta mwenyewe ndani yao, asijione, akahukumu kwamba kuna kitu kimepotea. Kiongozi ambaye hakuwahi kucheza pengine angewasikiliza haraka zaidi, kwa sababu asingekuwa na la kuwaambia kuhusu siku zake.

Kuna na jambo la pili, na hili ni gumu zaidi kumsamehe. Aliyekwenda London kudai sauti ya wasio na kura alipokuwa Lahore hakutaka kusikia sauti ya walio chini yake. Hoja alizowatolea Waingereza, kwamba wenye kuufanya mchezo uwepo wana haki ya kuamua mambo yake, ndizo hoja walizomletea wachezaji wake, karibu neno kwa neno. Hata ule mpango mzuri wa mabenki ulikuwa na kamba ndani yake: aliyekupa kazi anaweza kukunyang'anya.

Hao walioambiwa wanapenda fedha kuliko nchi walifika Sydney Januari 1977, na Imran akaangusha wiketi 12, Pakistan ikashinda testi yake ya kwanza katika ardhi ya Australia. Kabla ya mwaka huo kwisha tajiri wa televisheni wa Australia, Kerry Packer, alikuwa amekwisha kuwanunua Mushtaq, Asif, Majid, Imran na Zaheer Abbas kwa ajili ya mashindano yake mwenyewe, pamoja na mabingwa wa Uingereza, Australia na West Indies. Kumbe ugonjwa haukuwa wa Lahore tu. Kila bodi duniani ilikuwa ikiwalipa wachezaji wake kwa sifa.

Wakenya hatuna haja ya kwenda mbali kuutafuta mfano. Mwaka 2003 timu yetu iliifunga Sri Lanka mjini Nairobi kwa mikimbio 53, Collins Obuya akichukua wiketi tano, ikafika nusu fainali ya Kombe la Dunia, jambo ambalo hapana nchi isiyo ya testi iliyopata kulifanya. Ndimo alimokuwamo mtoto wa Mombasa, Aasif Karim, aliyekuwa amekwisha kustaafu akaitwa tena, na siku ile ya Durban akawatoa Waaustralia watatu kwa mikimbio saba tu. Baada ya mwaka mmoja, 2004, wachezaji wakuu walikuwa wamegoma kwa sababu ya malipo, na nchi ikapeleka timu dhaifu katika mashindano ya Uingereza. Mwaka 2005 chama cha zamani kiliondolewa kikaundwa kipya, ambacho Tom Tikolo, aliyewahi kuichezea Kenya, alikuja kuwa mtendaji wake mkuu. Mchezaji alipewa. Mchezo haukupona, na mwaka 2014 Kenya ilipoteza hata hadhi ya kucheza mechi rasmi za siku moja za kimataifa. Juni 2024 Waganda ndio waliokuwa katika Kombe la Dunia la mechi fupi, sisi tukiangalia.

Simtwishi mtu mmoja lawama hiyo. Nasema tu kwamba katika miaka ambayo hadhi ya testi ilikuwa ikigawiwa, Bangladesh, iliyotufunga kwa mpira wa mwisho kabisa katika fainali ya Kuala Lumpur mwaka 1997, ilikuwa na watetezi Asia nzima, na mwaka 2000 ikapata. Kenya haikuwa na mtu wa kugonga meza kama Kardar alivyomgongea Sri Lanka.

Na alichokidai kikaja, yeye akiwa nje. Sri Lanka walipewa testi mwaka 1981. Baraza la Asia likaundwa 1983. Mwaka 1986 huko Lahore marefa wawili wa Kihindi walisimamia mechi ya Pakistan na West Indies, mara ya kwanza kwa marefa wa kando kutumiwa katika zama zetu, na leo ni kanuni. Kombe la Dunia likatoka Uingereza kwa mara ya kwanza 1987 likaenda India na Pakistan. Kura ya turufu ikafutwa 1993. Walakini kilichofuata sicho alichokiota. Nguvu ilitoka London ikaenda Asia, lakini ikashukia nyumba moja. Katika mgawo wa mapato wa miaka ya 2024 hadi 2027, India peke yake ilitengewa kiasi cha asilimia 38.5, na wanachama washirika wote, zaidi ya nchi tisini, wakiwekwa pamoja, kiasi cha asilimia 11. Ndiyo maana wakubwa wa Dubai wanaweza kubishana juu ya nani atoe kombe, na Nairobi haina la kusema.

Baada ya 1977 Kardar aliandika vitabu, akawa balozi wa nchi yake Uswisi, akarudi kuishi Lahore. Tarehe 29 Februari 1996, huko Pune, Kenya iliitoa West Indies nzima kwa mikimbio 93, ikashinda kwa 73. Tarehe 17 Machi, katika uwanja wa Gaddafi, Sri Lanka iliifunga Australia ikachukua Kombe la Dunia. Tarehe 21 Aprili mwaka huo huo Abdul Hafeez Kardar alifariki mjini Islamabad, akiwa na umri wa miaka 71. Mwenyezi Mungu amrehemu.